Usisaini hiyo barua ya fezanti

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umesema umekodi ekari nne Herefordshire, huko England, una kuku wa mayai sitini, mbweha ameshabeba kumi na mmoja, na sasa wamejitokeza watu wa kukusaidia bure: jamaa wa bunduki anayekuja usiku, na vijana wa teria, vile vijibwa vya kuingia shimoni kumfuata mbweha, wanaokuja Jumamosi asubuhi na "karatasi ndogo tu" ya kusema shamba lina fezanti, ndege wa kufugwa kwa ajili ya kuwindwa. Unauliza umchukue nani au uwachukue wote, fensi ya umeme iwe ya urefu gani, na kama mabata bukini wanalinda kweli. Hiyo karatasi ndogo ni kubwa kuliko yote uliyouliza. Bei yake naijua kwa kuilipa, na stori yake siitoi.

Sheria ya uwindaji ya 2004, ya England na Wales, inakataza kuwinda mnyama wa porini kwa mbwa, kisha inaacha vinjia vichache. Kimojawapo: mbwa wasiozidi wawili, juu ya ardhi, wanamtoa mbweha kichakani na anapigwa risasi mara anapotokea. Hicho kinaruhusiwa kwa ajili ya kulinda mifugo, na kuku wako wamo. Mbwa kuingia shimoni ni habari nyingine kabisa. Huko chini sheria inamruhusu teria kwa sababu moja tu, kulinda ndege wanaotunzwa ili baadaye wapigwe risasi: fezanti, kwale na wenzao. Kuku wa mayai hawamo. Mwanakondoo hayumo. Hata mbweha akimaliza banda zima usiku mmoja, teria shimoni kwa ajili ya kuku ni kosa la jinai. (Scotland wana sheria yao ya 2023, tofauti na hii. Mtu wa Scotland asikupe ushauri wa Herefordshire.)

Sasa umeelewa kwa nini wanataka sahihi yako? Masharti ya teria shimoni yanadai mbwa mmoja tu kwa wakati mmoja, mbweha atolewe haraka iwezekanavyo, mpigaji hodari awe pale pale juu ya shimo, na mwenye mbwa awe na maandishi kwamba ardhi ni yake au mwenye ardhi amemruhusu kwa kazi hiyo, ayaonyeshe papo hapo polisi akiyataka. Wao mbwa wanao, majembe wanayo, fezanti hawana. Fezanti unawatoa wewe, kwa wino. Polisi akifika atatafuta kizimba cha kuachia vifaranga, mapipa ya nafaka pembeni mwa msitu, siku za kupiga. Utamwonyesha nini, mtetea?

Halafu usijifariji kwamba waliochimba ni wao. Sheria hiyo hiyo ina kosa la peke yake kwa anayeruhusu, huku akijua, ardhi yake itumike kwa uwindaji haramu, na "ardhi yake" humo ni ya anayeimiliki, anayeisimamia au anayeikalia. Mpangaji umo ndani mpaka shingoni. Faini siku hizi haina kikomo. Wao mahakama inaweza kuwanyang'anya mbwa na gari, wewe unabaki na jina mbele ya mwenye shamba. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja haustahimili jina la namna hiyo.

Na kuna la pili linalokaa ndani ya shimo hilo hilo. Una uhakika ni la mbweha? Usinijibu "vijana wamelikagua". Yule baja, mnyama mnene mwenye mistari myeupe na myeusi usoni, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, shimo lake linalindwa na sheria ya 1992: kuliharibu, kuliziba au kuingiza mbwa ni kosa, na jela ipo. Kamata rula uende mwenyewe. Shimo la baja ni pana kuliko urefu wake, kama herufi D iliyolala chali, upana wake sentimita 25 na kuendelea, mbele yake kuna rundo kubwa la udongo uliochanganyika na nyasi kavu alizotandikia. La mbweha ni jembamba, limesimama, harufu yake kali utaipata hata ukiwa na mafua, na mlangoni utakuta manyoya na mifupa. Shida ni kwamba mbweha hupanga kwa baja bila kulipa kodi. Kwa hiyo manyoya ya kuku wako mlangoni hayathibitishi kwamba nyumba ni ya mbweha. Ukiona D, rudi nyuma.

Mtu aliyenielekeza kwa wenye teria alikuwa anauza chakula cha mifugo. Ana kauli moja, "hapa watu wote hufanya hivi". Watu wote! Siku ya kuulizwa, watu wote wanakuwa wewe peke yako. Na vijana wenyewe wanajua sheria vizuri kuliko mimi na wewe, la sivyo wasingekuja na karatasi iliyokwisha chapwa.

Najua wenye mbwa watakuja kwenye maoni hapa chini kusema nimenunuliwa na wenye bunduki. Sijanunuliwa, hata risasi moja sijapewa. Wenye bunduki nao wana madhambi. Anayekosa kwa kukurupuka anamfundisha mbweha kukimbia taa ya kumulikia usiku, na mbweha aliyeshtushwa namna hiyo unaweza kumsubiri msimu mzima. Anayejeruhi anamwacha akafie shimoni. Kamati ya Lord Burns ya mwaka 2000, iliyoundwa na serikali kuchunguza uwindaji kwa mbwa, ililiona hilo: bunduki ya risasi usiku, ikitumiwa vizuri na mahali panapofaa, waliipa nafuu kuliko kuwinda kwa mbwa na kuchimba, lakini kwa ile ya marisau mchana hawakuwa na uhakika huo. Milimani Wales, ambako gari halipiti na taa haifiki, wenye mbwa wana hoja. Ekari nne tambarare za Herefordshire si milima ya Wales.

Ugomvi wa makundi haya si wa maneno tu, ndiyo maana kuwachukua wote ni kujitafutia balaa. Wakichimba Jumamosi, mbweha atalihama shimo na kubadili njia na saa, na mwenye bunduki aliyechunguza njia ile wiki mbili anaanza upya. Hilo dogo. Kubwa ni darubini ya joto, ile ya kuonea joto la mwili gizani. Humo teria na mbweha ni doa jeupe la ukubwa mmoja, linalotembea chini chini kando ya ua. Darubini ya joto inakuonyesha kwamba kuna kitu, haikuthibitishii ni kitu gani. Kijana akiwahi alfajiri na mbwa wake bila taarifa wakati mwenzake bado amelala kifudifudi na kidole kwenye kifyatulio, utazika mbwa, ukiwa na bahati.

Kanuni yangu ni hii na siibadilishi: mtu mmoja, karatasi moja, shamba lote. Chukua mwenye bunduki. Karatasi iwe na jina lake, ramani yenye mipaka, njia za watembea kwa miguu na nyumba za majirani, tarehe ya kuanza na kuisha, na mnyama mmoja: mbweha. Kabla ya hapo soma mkataba wako, maana haki za uwindaji mara nyingi hubaki kwa mwenye shamba, na huwezi kugawa usichokuwa nacho. Omba uone cheti chake cha silaha. Vyeti vingine vinamfunga mtu kwenye ardhi iliyopitishwa na polisi tu. Uliza bima, mwanachama wa BASC, chama cha wapiga bunduki cha Uingereza, huwa nayo.

Mzunguke naye mchana akuonyeshe kila mahali atakapolenga na udongo utakaopokea risasi nyuma yake. Ua wa miti si kinga, upeo wa macho si kinga. Bunduki ya risasi ya kipimo cha .223 inatosha, .22 ndogo ya sungura mkatalie. Akileta ya marisau, yawe yale makubwa ya BB na asivuke hatua thelathini. Chambo: kopo la chakula cha paka, litobolewe, lizikwe nusu na kufungwa kwa waya ili alambe bila kulibeba, lenye kichuguu cha udongo nyuma. Usimwekee kuku aliyekufa, mizoga ya mifugo ina sheria yake.

Na aanze wiki hii. Hii ni Februari, majike wana mimba, wanazaa Machi na Aprili. Ukichelewa, ukapiga jike anayenyonyesha, watoto watakufa njaa chini ya ardhi, na vijana wa teria watarudi getini kwako na karatasi nyingine.