Mwewe huhesabiwa wakitoka, si wakizunguka

Siku yangu ya kwanza kuhesabu mwewe wahamao, nilishuka mlimani na idadi nisiyoweza kuitetea. Mnamo saa tano asubuhi kundi lilikuwa limejitokeza juu ya ukingo, ndege wakizunguka kama majani makavu ndani ya kimbunga cha vumbi. Nikaanza: kumi, ishirini, thelathini. Nilipofika hamsini, wale niliokwisha kuwahesabu walikuwa wamezunguka na kurudi upande wangu. Nikaanza upya, kisha tena. Mwisho nikaandika 120. Mwenzangu mzoefu aliyekaa kando yangu alikuwa ametulia muda wote ule, darubini mapajani. Yeye aliandika 74, na ndiye aliyekuwa sahihi.

Alichokifanya ni kungoja. Ndege hawa wenye mabawa mapana hawasafiri kwa kupiga mabawa njia nzima, maana nguvu zingewaishia kabla ya kufika. Jua likiipasha ardhi, hewa yenye joto hupanda. Wao huingia humo, hutandaza mabawa na kuzunguka hadi juu kabisa. Wakifika mahali hewa inapolegea hujiachia, wakateleza kuelekea kusini mmoja nyuma ya mwingine, kama shanga kwenye uzi. Hapo ndipo pa kuhesabu. Chagua alama isiyosogea, ncha ya mti au mlingoti, na kila anayeivuka umbonyezee mara moja kwenye kihesabio cha mkononi. Wakiwa wengi mno, hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, uone kumi hao wanachukua nafasi gani ndani ya darubini, kisha wapime wengine kumi kumi. Lakini rudia kipimo hicho kila baada ya muda, kwa sababu mstari hubana na kuachana.

Juu ya bahari hewa ya namna hiyo haipandi vizuri mchana, kwa hiyo wengi wao huikwepa na kusongamana kwenye njia nyembamba za nchi kavu. Ndiyo maana Veracruz, Mexico, kati ya milima na Ghuba ya Mexico, hupita zaidi ya ndege milioni 4 katika vuli moja, na Batumi, Georgia, kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi, hupita zaidi ya milioni moja. Huko Batumi, mwewe wanaokula mabuu ya nyigu hufurika mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Ukienda Oktoba umewakosa.

Kama huna nafasi ya kwenda kila siku, nenda siku inayofuata baada ya baridi na mvua kupita, upepo ukivuma kutoka kaskazini. Upepo ukiugonga ubavu wa mlima hupinda kwenda juu, na ndege huutumia, wakapita chini kiasi cha kuona macho yao. Mawingu meupe ni rafiki yako. Anga ya buluu tupu ndiyo inayochosha: ndege aliye mbali humezwa humo, na jicho halina pa kushika. Pitisha darubini polepole, kisha inua uso utazame juu ya kichwa chako. Nimewapoteza wengi hapo kuliko mahali pengine popote.

Kutambua aina ndiko kunakowatia watu hofu. Usitafute rangi, kwa umbali ule rangi hudanganya. Tazama umbo na mwendo. Kozi ana mabawa yaliyochongoka. Mwewe wadogo wa msituni wana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, hupiga mabawa mara kadhaa haraka kisha huteleza. Tai wakubwa hunyoosha mabawa kama ubao. Na usipomjua, andika "hakutambulika". Naliomba hili kwa moyo wote, kwa sababu nimewaona watu wema wakikisia jina ili ukurasa upendeze.

Ukurasa huo huenda ukasomwa miaka mingi baadaye. Hawk Mountain, mlima ulioko Pennsylvania, Marekani, ilikuwa mahali pa kuwapiga mwewe risasi hadi mtetezi wa ndege Rosalie Edge alipoikodi ardhi ile mwaka 1934 na kumweka Maurice Broun kuilinda. Broun akaanza kuhesabu. Miaka ilivyopita, hesabu zikaonyesha tai wachanga, wenye vichwa vya kahawia bado, wakipungua miongoni mwa tai wa aina ambayo kichwa huwa cheupe wakikomaa. Wazazi walikuwa wakipita, watoto hawaonekani. Mwandishi Rachel Carson alizitumia takwimu hizo mwaka 1962 alipoandika juu ya sumu za kuua wadudu, na DDT, mojawapo ya sumu hizo, ikapigwa marufuku Marekani mwaka 1972. Mtu aliyekisia umri wa ndege mlimani pale angeuficha ukweli huo bila kujua.

Kwa hiyo mimi huandika kila saa, hata saa ambayo hakuna kilichopita: upepo, mawingu, tuko wangapi. Saa tupu isiyoandikwa haitofautiki na saa ambayo mtu alisinzia. Ukurasa wangu wa mwisho msimu uliopita unaishia hivi: saa nane hadi saa tisa, upepo wa kusini, mawingu mazito, wahesabuji 2, ndege 0.