Maswali na majibu: Beaujolais na joto la sebuleni kwenu

Maswali mengi ya safari hii yamehusu Beaujolais, mvinyo mwekundu wa Ufaransa unaolimwa kaskazini mwa Lyon.

Nimezoea Cabernet. Huu una ladha gani?
Usiutarajie uzito wa Cabernet, ule mvinyo mwekundu mzito na wenye ukakasi. Hutengenezwa kwa zabibu za Gamay, na kwa desturi mashada huingizwa tangini mazima, bila kupondwa. Uchachukaji unaanzia ndani ya punje zenyewe, kwa hiyo ukakasi wa maganda hautoki kwa wingi. Utasikia stroberi, cheri, pengine ndizi mbivu, kisha uchachu unaoacha kinywa safi. Ni mwepesi, na wepesi si uduni. Wanaochagua chupa kwa kuangalia asilimia ya kilevi wanajinyima raha kubwa.

Je, ni mtamu?
Hapana. Harufu ya matunda si sukari. Nimelijibu hili mara nyingi, tafadhali someni majibu yaliyopita.

Muuzaji kaniambia mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji. Ni kweli?
Si kweli, na kauli hii imeharibu chupa nyingi nzuri. Lile "joto la chumba" linaloshauriwa kwa mvinyo mwekundu lilikuwa la nyumba za Ulaya za zamani, zenye kuta nene na baridi. Halikuwa la sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari, yenye nyuzi 30. Kwenye joto hilo kilevi kinakupanda puani, matunda yanafifia, na unabaki unalaumu mvinyo usio na kosa. Beaujolais unywewe kwenye nyuzi 12 hadi 14. Chupa ikae kwenye friji hadi ipoe kiasi hicho, na baada ya kumimina irudishe. Tena, usinunue chupa iliyosimamishwa dirishani mwa duka ikipigwa na jua, hata wakikupunguzia bei.

Nina Beaujolais Nouveau ya 2017, naitunzia sherehe. Itazidi kuwa nzuri?
Haitazidi. Ifungue leo, na usishangae ikiwa imechoka. Nouveau hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, ili inywewe ndani ya miezi michache. Si kila mvinyo hupendeza kwa kuzeeka; mingi hufa tu. Ukitaka wa kutunza, nunua Morgon au Moulin-à-Vent, Beaujolais zinazouzwa kwa majina ya maeneo zinakotoka, ambayo ikitoka mwaka mzuri huweza kufika miaka kumi. Ila kabati la juu ya jiko si mahali pa kutunzia.

Niunywe na chakula gani? Samaki je?
Lyon wanaunywa na soseji kavu, maini ya kusaga na kuku wa kuoka. Samaki ndiyo, hasa salmoni au jodari wa kuchoma: mvinyo wenye tanini nyingi, yaani ule ukakasi wa maganda, ukinywewa na samaki wa mafuta mara nyingi huacha ladha ya chuma, na hapa tanini ni chache. Mbuzi choma na kachumbari vinaendana vizuri na Fleurie, Beaujolais nyingine yenye jina la eneo lake, ikiwa imepozwa. Pilipili ipunguzeni, kwa sababu kilevi huchochea ukali wake. Na anayeendesha gari anywe maji.

Rafiki yangu anasema Gamay ni zabibu ya daraja la pili.
Dharau hiyo ni ya zamani. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, eneo la mvinyo lililo kaskazini mwa Beaujolais, aliamuru ing'olewe mashambani mwake. Huko Beaujolais, kwenye udongo wa matale, yaani graniti, ilishika na ikastawi. Kwa sababu ya dharau hiyohiyo, Morgon nzuri bado inauzwa kwa bei ya chini sana kuliko Burgundy nyekundu yenye sifa. Mwache rafiki yako aendelee kulipia jina.

Chupa imeandikwa Fleurie tu, sioni neno Beaujolais. Nimetapeliwa?
Hujatapeliwa, umepata bora zaidi. Maeneo kumi ya Beaujolais huuza mvinyo kwa majina yake yenyewe: Fleurie, Morgon, Moulin-à-Vent, Brouilly, Côte de Brouilly, Chénas, Chiroubles, Juliénas, Régnié na Saint-Amour. Kwa mara ya kwanza anza na hiyohiyo Fleurie.