Hisa 1,000 tu, kura yangu ina kazi gani?

SWALI: Mwanangu, hujambo? Nina hisa 1,000 za benki ya NMB nilizonunua 2008 zilipouzwa kwa umma Sh600 kila moja. Kila mwaka napata notisi ya mkutano mkuu naiweka kabatini, nangoja gawio, yaani mgao wangu wa faida, basi. Kijana wangu anasema nisijisumbue, eti serikali na yule mwekezaji wa nje ndo wanaamua kila kitu. Ni kweli? – Mwalimu mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kijana ana hoja lakini kaishia njiani. Benki ina hisa milioni 500, Arise, ndo huyo mwekezaji wa nje, ana asilimia 34.9 na serikali 31.8, kwa hiyo hakuna mmoja mwenye nusu peke yake, ila wakiungana wanafika 66.7. Mambo ya kawaida kama kupitisha hesabu, gawio, kuchagua wakurugenzi na wakaguzi yanahitaji zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, hapo wakikubaliana wao wawili yamepita. Lakini azimio maalum, mfano kubadili katiba ya kampuni, linataka asilimia 75, na 66.7 haifiki!

Sasa hapa ndo watu wengi hawapaelewi: hiyo 75 ni ya kura zilizopigwa, sio ya hisa zote. Nyie wadogo mkikaa nyumbani wote, kura zinazobaki ni za hao wakubwa tu na azimio linapita bila shida. Ili wasiweze kulipitisha peke yao inabidi karibu asilimia 89 ya hisa zote zipige kura na nyie wengine wote mseme hapana, ni kazi ngumu kweli, lakini kila notisi inayolala kabatini inaifanya iwe ngumu zaidi.

Ukumbini kura huwa inaanza kwa kunyoosha mikono, na hapo mtu mmoja kura moja, wewe na mwenye mamilioni mko sawa. Ndo maana jambo likiwa zito inadaiwa kura ya kuhesabu hisa, mwenyekiti anaweza kuiitisha na hata wanahisa watano wakiungana wanaweza kuidai, hapo wewe una kura 1,000. Gawio nalo linapitishwa na mkutano, ila kwa kawaida hamuwezi kuliongeza juu ya lile bodi iliyopendekeza, kwa hiyo kama unaona ni dogo simama uulize faida imeenda wapi. Wakurugenzi wanatakiwa wakujibu wewe mwenye mali, mwalimu usiogope kipaza sauti.

Notisi inatakiwa ikufikie siku 21 kabla, na ndani yake kuna fomu ya kumteua mwakilishi. Kama Dar ni mbali andika jina la mtu unayemwamini, sio lazima naye awe mwanahisa, saini, irudishe mapema maana kampuni nyingi zinaitaka saa 48 kabla ya mkutano. Na tafadhali weka alama ya ndiyo au hapana kwenye kila azimio. Watu wengi wanaandika tu "mwenyekiti wa mkutano", wanasaini na kuacha visanduku vitupu, halafu mwenyekiti anazipiga kura zao anavyoona yeye.