Kumsaidia mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliye kituoni

Pole dada, na asante kwa moyo huo. Umesema mtoto ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo, mama alimwacha stendi na sasa yuko kituo cha yatima hapo Dar, we unataka kutuma hela kila mwezi. Kabla ya hela nenda ukakae nae, muulize dada anayemlisha wamekwama wapi, mara nyingi utakuta ni pampasi na nauli ya kliniki, maana mazoezi ya viungo yanataka mfululizo. Na ukianza usipotee, huyo ashaachwa mara moja.

Mimi nilikurupuka nikanunua kiti mwendo, kikawa kikubwa, mtoto anapinda mgongo, kikaishia stoo, iliniuma sana. Apimwe kwanza saizi ya kiti, CCBRT, ile hospitali ya Dar inayohudumia watu wenye ulemavu, wanazijua hizo kazi. Akila akalishwe wima, akiwa anapaliwa kila mlo apelekwe hospitali, chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Picha zake usirushe mtandaoni. Ukitaka kumchukua kwako usipatane kienyeji na mwenye kituo, anza na afisa ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009 ndo inasimamia mambo ya malezi ya kambo, yaani kumlea kwako mtoto asiye wako. Ukiona ananyanyaswa piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.