Sili ya Shafti: Ulizeni Kwanza Nani Ameiua

Gilandi ya boti yangu, ile sehemu ya kuziba maji pale shafti ya pangaboi inapotoka nje, ilikuwa inadondosha maji. Nimekaza nati mpaka ikakauka kabisa. Ni sawa?

Si sawa. Ilegeze leo. Pakingi ya kusokotwa, ile kamba inayojazwa ndani ya gilandi kuzunguka shafti, inaishi kwa maji hayohayo unayoyafungia njia. Ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Shafti ikizunguka, matone mawili matatu kwa dakika yanatosha. Ikisimama, pasidondoke kitu. Ukiikausha inaungua, inakuwa ngumu, kisha inaanza kuila shafti. Nimeshika shafti zilizochimbika hadi ukucha unazama, na kila mwenyewe alisema alikaza kidogo tu. Baada ya mwendo wa nusu saa zima injini, subiri shafti isimame kabisa, ndipo uguse gilandi. Vuguvugu haina neno. Ikikuchoma, umebana mno.

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado shafti zinaharibiwa kwa spana.

Pakingi mpya naizungusha kama kamba mpaka kikombe cha gilandi kijae?

Hapana! Kata pete mojamoja, kwa kawaida tatu, kila moja ikizunguka shafti mara moja na ncha zake zikutane bila kupandana. Viungo visikae mstari mmoja. Vipishanishe kwa nyuzi 120. Na uitoe ya zamani yote, hata ile pete ya mwisho iliyogandamana chini. Wengi huiacha hiyo, halafu wanalalamika kuwa pakingi mpya ni mbovu.

Nimebadilisha sili ya mdomo mara tatu msimu huu na bado inavuja. Nitajie aina iliyo bora.

Sikutajii, kwa sababu ya nne nayo itakufa. Sili ni mpira laini unaokaa juu ya chuma kinachozunguka. Haina nguvu ya kukinyoosha chuma hicho. Jambo la kwanza, pitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa umekaa. Ukikuta mfereji, sogeza sili ikae kwenye sehemu laini ya shafti. Usijaribu kuufuta kwa msasa, maana utaipunguza shafti unene. Pili, shika pangaboi uitikise juu na chini. Ikicheza sana, bushi ya mpira ya nyuma imekwisha, na shafti inachapa sili kila mzunguko.

Tatu, na hapa ndipo wengi wenu mnapokwepa kazi: mlingano wa injini na shafti, yaani vikae mstari mmoja ulionyooka. Fungua boliti za kaplingi, kile kiungo kati ya injini na shafti, sogeza nyuso mbili zikaribiane, pima mwanya kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) juu, chini, kushoto na kulia. Kwa kaplingi ya kipenyo cha milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Pima boti ikiwa majini, imeshakaa angalau siku nzima, kwa kuwa mwili wake hubadilika umbo kidogo ukitoka nchi kavu. Raba ambazo injini imekalia zikilegea, mlingano wote umepotea hata kama jana ulikuwa sahihi.

Tena, ulipovisha hiyo sili mpya, ulifunika njia ya ufunguo, ule mfuo uliochongwa kwenye shafti? Kingo zake hukata mdomo wa sili kabla haijaonja maji. Tumia ala ya plastiki au tepu laini, na upake grisi.

Sili yangu ni ya nyuso mbili na mpira wa mikunjo. Kila nikishusha boti majini inapiga kelele.

Hewa imenaswa ndani, nyuso zinasuguana kavu. Injini ikiwa imezimwa, vuta mpira nyuma hadi maji yatoke, kisha uachie. Fanya hivyo kila unaposhusha boti. Ukifungua zile skrubu ndogo za kushikilia pete inayozunguka na shafti, weka mpya. Za zamani hazirudiwi.

Naweza kubadilisha sili boti ikielea?

Pakingi, fundi mzoefu anaweza, akiwa na pampu iliyojaribiwa na vitambaa vya kuziba. Sili ya mdomo au mpira wa gilandi, pandisha boti. Tundu la milimita 25 lililo nusu mita chini ya maji huingiza karibu lita 55 kwa dakika. Ukishaachanisha kaplingi, ifunge shafti isiteleze nyuma, kwa maana ikichomoka ndilo tundu lenyewe hilo. Na ukiwa huko chini kwenye ngama, sakafu ya ndani ya boti, angalia vibano vya mpira wa gilandi: viwili kila upande, vya chuma kisichoshika kutu. Chenye doa la kutu kitoe siku hiyohiyo.