Maswali ya Wasomaji: Waya, Swichi na Taa Ndani ya Minecraft

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wajenzi wa Minecraft, mchezo wa kujenga kwa bloku, ambao nyumba zao zimesimama, uzio umekamilika, ila taa ndizo hazitii amri. Majibu haya yanawafaa wanaochezea simu na wanaochezea kompyuta.

Leva iko mlangoni, taa iko getini, kati yake bloku 30. Nimemwaga unga wa redstoni, yale madini mekundu yanayopitisha umeme, njia nzima. Nikivuta leva, unga wa mwanzoni unang'aa lakini taa haiwaki. Kilichoharibika ni leva au taa? — Msomaji, Mbale

Hakuna kilichoharibika, ndugu yetu. Umeme umeishia njiani. Unatoka kwenye leva ukiwa na nguvu 15, na kila bloku ya unga inapunguza 1. Unga wa 15 umebaki na nguvu 1, wa 16 hauna kitu. Utazame kwa karibu: karibu na leva ni mwekundu mkali, kisha unafifia hadi unakuwa kama damu iliyokauka. Pale unapokauka kabisa ndipo pa kuweka ripita, kifaa kinachopokea umeme uliofifia na kuurudishia nguvu 15.

Kwenye meza ya kuundia vifaa, ripita moja inataka mawe 3 safu ya chini, mienge 2 ya redstoni juu yake, na unga 1 katikati ya mienge. Mwenge wenyewe ni unga 1 juu ya kijiti 1. Wengi hukwama kwenye mawe. Jiwe la vipande, lile linalotoka ukichimba kwa sururu ya kawaida, halikubaliki. Lipitishe kwenye tanuru mara moja tu. Ukilichoma mara ya pili linakuwa jiwe laini, nalo pia halifai.

Kwa bloku zako 30 ripita moja inatosha: unga 15, ripita, unga 14, kisha taa. Ripita inapitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo unapoiweka ipe leva mgongo, uso uelekee getini. Ikikaa kinyume, unga wa nyuma yake utang'aa na wa mbele utabaki mweusi. Kila ripita inachelewesha umeme sekunde 0.1, na ukiigusa unaweza kuifikisha 0.4. Kwa taa ya geti iache kwenye 0.1.

Kabla hujafunga kazi, angalia pia unga wa mwisho unaelekea wapi. Unga unaopita ubavuni mwa taa na kuendelea na safari yake hauiwashi taa hiyo. Lazima mstari uigonge taa usoni, au ulale juu yake. Ndiyo maana taa za darini ni rahisi kuliko za ukutani: panga taa kwenye dari, panda juu ya dari, mwaga unga juu ya taa zenyewe. Taa iliyopata umeme kwa njia hiyo huwasha na taa zilizogusana nayo, hivyo mstari mmoja wa unga unaweza kuhudumia safu tatu.

Nyumba yangu ni ya ghorofa. Nataka niwashe taa ya ngazi nikiwa chini na niizime nikiwa juu, kama nyumba za kweli. Nimeweka leva mbili kwenye waya mmoja lakini ya juu haizimi iliyowashwa chini. — Msomaji, Jinja

Leva mbili kwenye waya mmoja haziwezi kusaidiana kuzima. Moja ikiwa imevutwa waya una moto, na ya pili haina uwezo wa kuuondoa. Siku za nyuma ilibidi ujenge saketi ya kompareta mbili zinazotoana, yaani vifaa vinavyopunguza nguvu ya waya mmoja kwa nguvu ya mwingine, na hata hapo nguvu za pande mbili zisipolingana, tuseme 15 kwa 12, inabaki 3 na taa inaendelea kuwaka. Hatukushauri uende huko. Tangu toleo 1.21 la mwaka 2024 kuna balbu ya shaba, nayo imemaliza kesi.

Balbu hii inageuka kila inapopigwa na umeme mpya: mpigo wa kwanza inawaka, wa pili inazima, na katikati inakumbuka hali yake hata waya ukiwa umepoa. Kwa hiyo achana na leva, tumia vitufe. Kitufe cha jiwe kinabaki ndani sekunde 1, cha mbao sekunde 1.5. Chukua cha jiwe, kwa sababu muda kitufe kimoja kikiwa ndani waya bado una moto, na mwenzako akibonyeza cha juu wakati huo balbu haitahisi chochote.

Vifaa: bloku 3 za shaba, yaani vipande 27 vya shaba iliyoyeyushwa, fimbo 1 ya blaze, adui wa moto wa Nether (ile dunia ya moto), na unga 1. Bloku moja inakaa juu katikati, mbili ubavuni, fimbo katikati yao, unga chini. Unapata balbu 4 kwa mpigo, hivyo gharama si kubwa kama inavyoonekana.

Waya upitishe chini ya ngazi. Unga unapanda na kushuka vidato vya bloku moja moja bila shida, mradi usiweke bloku ngumu moja kwa moja juu ya unga wa kidato cha chini. Bloku hiyo inaukata waya kama kisu, nayo ndiyo kosa tunaloliona mara nyingi mtu anapofunika ngazi kwa mbao baada ya majaribio kufaulu. Acha hewa ya bloku moja.

Balbu iweke katikati ya ngazi. Kama kutoka kitufe hadi balbu ni zaidi ya bloku 15, utahitaji ripita, na hapa kuwa mwangalifu: ripita ikikaa kwenye waya unaotumiwa na vitufe vyote viwili, kimoja kitakwama nyuma yake. Kila kitufe kiwe na tawi lake na ripita yake inayotazama balbu.

Ukiwa na balbu kadhaa, siku moja utakuta mbili zinawaka na moja imezima, na kila ukibonyeza zinabadilishana. Hiyo moja ilikosa mpigo, pengine uliiweka wenzake wakiwa wanawaka. Zima hizo nyingine, ivunje, irudishe mahali pake waya ukiwa umepoa. Pia shaba inaota kutu: mwanga unaanza 15, unashuka 12, halafu 8, mwishowe 4. Paka sega la nta balbu ikiwa mpya na itabaki hivyo. Iliyokwisha kuota kutu ikwangue kwa shoka kwanza.

Taa za uzio nataka ziwake zenyewe giza likiingia. Nimeweka kihisi cha mchana lakini zinawaka mchana na kuzima usiku! Tena nikirekebisha, za karibu zinawaka na za mbali zinabaki giza. — Msomaji, Masaka

Tatizo la kwanza ni kugusa mara moja tu. Kihisi kikitoka mezani kinatoa umeme wakati wa jua. Kiguse, uso wake utageuka kuwa wa buluu, na kuanzia hapo kinatoa umeme gizani. Kwa wasiokijua: vioo 3 juu, kwatzi 3 za Nether katikati, nusu-bloku 3 za mbao chini.

Tatizo la pili ndilo lenye mambo. Kihisi kilichogeuzwa hakitoi nguvu 15 mara moja. Jua linapotua kinapanda taratibu, moja, mbili, tatu, na hata usiku wa manane chini ya anga safi kinafika 11 tu, kwa kuwa anga la usiku bado lina mwanga wa 4. Kwa hiyo waya mtupu unakufa bloku ya 11. Weka ripita karibu na kihisi. Yenyewe inapokea nguvu yoyote na kutoa 15 kamili.

Ila ukiibandika ripita palepale kwenye kihisi, taa zitawaka mapema mno, jua likiwa bado linaonekana. Tumia unga kupima giza: ukimwaga unga 5 kati ya kihisi na ripita, taa zitasubiri hadi nguvu ifike 5. Ukimwaga 8 zitachelewa zaidi. Usivuke 11, hapo hazitawaka hata kidogo. Mvua na radi nazo huzubaisha kihisi, usishangae taa zikiwaka mchana wa dhoruba. Usiku wa mchezo ni kama dakika 7 katika siku ya dakika 20, na sisi wa ikweta tuliozoea mchana na usiku kugawana sawasawa tunaona umepunjwa.

Kihisi kinasoma mwanga wa anga peke yake, hivyo taa zako haziwezi kukidanganya. Unaweza kukiweka juu ya nguzo yenye taa. Kitu kimoja kisifanyike: usikiezekee paa. Kihisi kilichogeuzwa kikikosa anga kinaamini ni usiku daima, na taa hazitazima tena.

Kuhusu umbali wa taa na taa: kila taa ya redstoni ina mwanga 15, unaopungua 1 kwa kila bloku, na kona huhesabiwa kwa kwenda mbele kisha pembeni, si kukata mshazari. Urefu wa nguzo nao unahesabiwa. Kwa uzio wenye nguzo fupi, kila baada ya bloku 12 panatosha. Taa moja ni unga 4 na bloku 1 ya gloustoni, jiwe linalong'aa lenyewe, hivyo uzio wa taa 10 unakula unga 40 kabla hujamwaga waya hata mmoja. Uchimbe redstoni kwa sururu ya chuma au bora zaidi, chini kabisa karibu na kimo cha Y −59. Kila mwamba hutoa 4 au 5.

Nilizima taa zote nikaenda mgodini. Niliporudi nilikuta zombi sebuleni na milango yote imefungwa. Amepita wapi? — Msomaji, Gulu

Hakupita popote, amezaliwa humo humo. Tangu toleo 1.18, maadui wa dunia ya kawaida huzaliwa mahali ambapo mwanga wa taa ni 0. Chumba kisicho na dirisha kikizimwa taa kinakuwa sawa na pango. Tungesema wazi kwamba swichi ndani ya nyumba ni ya urembo, na mwenye kuitaka alipie urembo huo: chimba shimo moja sakafuni, weka gloustoni, funika kwa zulia. Mwanga unapenya zulia, chumba kinaonekana kimezimwa, na zombi hapati nafasi. Njia nyingine ni kutandika sakafu yote kwa nusu-bloku za chini, maana hawazaliwi juu yake.

Najenga ukumbi wa kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba), nataka taa za kumetameta. Mwenge wangu wa redstoni unameta kidogo, unatoa moshi, unakufa. — Msomaji, Arua

Umeuunganisha mwenge ujizime wenyewe moja kwa moja. Mwenge ukigeuka zaidi ya mara 8 ndani ya sekunde 3 unaungua. Toa umeme wa mwenge, upitishe kwenye ripita iliyofikishwa 0.4, kisha uurudishe kwenye bloku iliyoushika mwenge. Taa zitawaka nusu sekunde na kuzima nusu sekunde, bila moshi. Usitafute mwendo wa kasi sana, kwani taa ya redstoni yenyewe inachukua sekunde 0.2 kuzima, na mipigo ikibanana kuliko hapo utaona inawaka tu mfululizo.