Mwanga wa kwazari hautoki ndani ya shimo jeusi
Je, mwanga mkali wa kwazari, yaani kiini king'aacho sana cha galaksi ya mbali chenye shimo jeusi kubwa, hutoka ndani ya shimo hilo? Hapana, shimo lenyewe halitoi mwanga huo. Unatoka kwenye gesi inayolizunguka kabla haijamezwa: inakwenda kasi mno, inasuguana, inapata joto kali ajabu na kung'aa. Ndiyo maana kwazari 3C 273, iliyo umbali wa zaidi ya miaka nuru bilioni 2, huonekana hata kwa darubini nzuri ya nyumbani, ilhali galaksi yake nzima imezidiwa na mng'ao huo. Umbali wake ulijulikana mwaka 1963, mwanaastronomia Maarten Schmidt alipochambua spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa katika rangi mbalimbali. Ila si mashimo yote makubwa yako hivyo. La galaksi yetu, lenye masi ya jua mara milioni 4 hivi, kwa sasa linapata gesi kidogo sana.